Mwalimu Aliyezipa Picha Mgongo

Huyu ninayemsimulia ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tumbo moja. Nalisema mapema kwa sababu nawajua watu. Ukiwaambia kuna mtu yalimkuta, watakuuliza mtu gani huyo, na ukibabaika kidogo tu wanakuweka kwenye fungu la waongo. Basi mtu ndiye huyo. Yuko hai, anakula, na kazi ile ile bado anaifanya.

Ilianza Jumatatu ya kawaida kabisa, siku ya chupa ya chai na viatu vipya vinavyobana. Shemeji alikuwa daktari tayari, na sasa alikuwa amepata nafasi aliyoililia kwa miaka miwili: kusomea kazi ya kusoma picha za ndani ya mwili. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu bila ruhusa ya kuacha katikati, naye aliutia sahihi haraka haraka kama mtu anayeogopa wasije wakabadili mawazo. Akakabidhiwa daftari nene lenye mistari elfu moja. Kila picha atakayoisoma mbele ya mwalimu ni mstari mmoja na sahihi moja, ila kwa siku huhesabiwa nne tu. Mistari ikijaa, anahesabiwa amehitimu.

Chumba cha kusomea kilikuwa zamani stoo ya mashuka. Hakikuwa na dirisha, kwa kuwa picha husomwa gizani, na mlango wake ulikuwa mzito kiasi kwamba ukifungwa hujui kama nje kunanyesha au jua linawaka. Ukutani palikuwa na ubao wa taa, ule wa kioo cheupe wanaoutundikia picha za eksirei. Mbele ya ubao kulikuwa na viti viwili. Kimoja kiliutazama, na cha pili kiliupa mgongo.

Hicho cha pili kilikuwa cha Mwalimu. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwona akitazama picha hata moja.

"Mimi nimeona za kutosha," alimwambia siku ile, macho yake mlangoni. "Anayejifunza ni wewe. Nieleze tu, nitaona kwa masikio."

Shemeji alidhani ni maringo ya wazee waliobobea. Na kweli mzee alikuwa amebobea. Ukimweleza kivuli kwa maneno matatu, anakwambia ugonjwa, umri wa mgonjwa na hata kama anavuta sigara. Alifundisha kwa utaratibu usiobadilika. Kwanza jina la mgonjwa, tarehe, na herufi inayoonyesha upande. Kisha ngozi, mifupa, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, mapafu, na moyo mwisho. "Usirukie kinachong'aa," alisema. "Anayerukia kinachong'aa hukiona kimoja akaviacha vitatu."

Halafu kulikuwa na swali la kufungia. Moyo una kivuli kizito, na nyuma yake kuna sehemu ya pafu ambayo wanafunzi wengi huisahau. Kwa hiyo kila picha, bila kukosa hata moja, Mwalimu aliimaliza kwa kuuliza, "Na nyuma ya moyo?"

"Hakuna kitu, Mwalimu," Shemeji alikuwa akijibu baada ya kuangalia.

Mzee alikuwa akishusha pumzi, kisha akipapasa kalamu na kutia sahihi.

Miezi ya mwanzo ilikuwa aibu tupu. Kila picha ilikuwa moshi juu ya moshi. Alimwandikia binti mmoja kifua kikuu, kumbe ni msuko wa nywele ulioangukia begani wakati wa kupigwa picha. Fundi wa picha, ambaye idarani walizoea kumwita Vuta-Pumzi kwa sababu ndilo neno analowaambia wagonjwa kutwa nzima, alicheka mpaka akashika ukuta, na idara nzima ikapata habari kabla ya saa sita. Tangu siku hiyo Shemeji alijifunza jambo ambalo wanafunzi wote wa kazi ile hujifunza: ukiona kitu usicho na hakika nacho, kimeze kwanza.

Lakini macho nayo hufunguka. Kufika mwezi wa tano alikuwa akiona. Alizihesabu mbavu bila kunyoosha kidole. Alitambua maji ya kifuani kabla hayajajaa kijiko. Alikuja nyumbani kwetu akiwa na furaha ya mtu aliyejifunza lugha mpya, akimchambua dada yake mifupa ya mkono mezani, huu unaitwa hivi, huu hivi, mpaka mke wangu akamwambia awaache watu wapate kula.

Mstari wa mia nne na kumi na mbili ulikuwa wa mwashi mmoja. Alikuja kwa miguu yake, ana kikohozi cha vumbi, akataniana na Vuta-Pumzi, akapigwa picha, akaambiwa asubiri kwenye benchi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Shemeji aliitundika picha na kuanza kueleza, Mwalimu akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na nyuma ya moyo?"

Shemeji akatazama. Akatazama tena, akasogeza kiti.

Palikuwa na weupe hafifu, mistari mitano imelala juu ya kivuli cha moyo. Mishipa, alijiambia. Lakini mishipa haina viungo. Alihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiko alikofundishwa. Vipande vitatu, vitatu, vitatu, vitatu. Na viwili.

Kila daktari anajua ni wapi mwilini panapopatikana hesabu hiyo.

"Mwalimu," alisema, "kuna mkono."

Mzee hakucheka. Hakumwambia ni nywele.

"Mkono huo unafanya nini?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Umeushika moyo. Kwa nyuma."

Kiti cha Mwalimu kililia. Mzee alikuwa anasimama, na alikuwa anageuka. Aligeuka pole pole, mikono imefunika uso, kisha akashusha kidole kimoja kimoja. Akaitazama picha. Aliitazama kwa muda mrefu, na machozi yakamtoka akiwa anatabasamu.

"Mimi sioni kitu," alisema. "Alhamdulillahi, sioni kitu."

Alilichukua daftari la Shemeji akaanza kutia sahihi. Hakuishia mstari wa mia nne na kumi na mbili. Alifunua ukurasa baada ya ukurasa, akasaini mistari mitupu, picha ambazo hazijapigwa, za watu ambao hawajaugua, mpaka mstari wa elfu. Alipomaliza aliufungua mlango.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, akatoka. Hakurudi tena kazini.

Mwashi alifariki Alhamisi. Mkewe alisema alikuwa anakunywa maji, akaweka kikombe chini vizuri, akalala ubavu. Kikohozi cha vumbi hakiui mtu hivyo.

Shemeji alimwonyesha Vuta-Pumzi ile picha. Vuta-Pumzi, mwenye miaka thelathini ya kupiga picha, aliileta karibu na pua yake, akasema ni kifua kizuri tu. Wiki hiyo hiyo mkono ukaonekana kwa mama mmoja mshona nguo, umebana zaidi. Shemeji akauandika kwenye ripoti, akaitwa na Mkuu wa idara na kuulizwa kama analala vya kutosha. Mshona nguo akafa. Wa tatu alikuwa dereva wa basi la shule, na safari hii hakuutaja mkono kwa kalamu wala kwa mdomo, aliandika tu kwamba kifua ni safi. Dereva akazikwa Jumapili.

Kwa hiyo si kuandika. Si kusema. Ni kuona.

Alikwenda kwa Mkuu wa idara kuomba kuacha kazi. Mkuu alimfungulia daftari lake mwenyewe mezani. Mistari elfu moja, sahihi elfu moja.

"Umehitimu, Daktari," alisema. "Tena haraka kuliko wote. Mwalimu ameondoka, msomaji ni wewe peke yako. Ukiondoka, wagonjwa mia mbili kwa wiki watasomewa na nani? Na mkataba unao."

Jumamosi mchana alimfuata Mwalimu nyumbani. Alimkuta kibarazani, magoti yamejaa picha za wajukuu, anazitazama moja moja kama mtu aliyetoka kifungoni. Hakujifanya hajui kilichomleta.

"Na mimi nilifundishwa hivi hivi," alisema. "Nikaona. Wakafa saba kabla sijaelewa. Ndipo nikageuza kiti."

"Na ukigeuza kiti?"

"Wanakufa kwa magonjwa yao. Si kwa macho yako."

"Na mkono wenyewe unaondokaje kwangu?"

Mzee aliziweka picha pembeni. "Hauondoki. Unahamia. Wewe unafundisha mtu mwenye macho, unamuuliza kila picha, kila picha, mpaka siku moja auone. Akiuona yeye, wewe huuoni tena."

"Kwa nini mimi, Mwalimu?"

"Nilifundisha sita kabla yako," alisema. "Hawakuwa na macho."

Shemeji aliondoka bila kuaga. Alikuwa amemchukia mzee yule, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba alikuwa bado anampenda.

Jumatatu yake aligeuza kiti. Majuma matatu Vuta-Pumzi alimweleza picha, na Shemeji akaandika ripoti huku akiutazama mlango. Hata nyumbani hakukaa salama. Wenye daktari katika ukoo mnajua: kila jirani ana bahasha ya kaki, kila shangazi ana picha ya goti, na wote wanataka daktari wao aitupie jicho. Akawa anaingia kwetu kwa mlango wa nyuma. Akawa hagusi simu yake, watu wasije wakamtumia picha. Mke wangu alidhani mdogo wake amepata mtu.

Ndipo mwanafunzi mpya akaletwa. Alikuwa dada mkimya, mwenye miwani minene, na kwa sababu hiyo idara ikamwita Miwani siku ya kwanza. Miwani minene au la, alikuwa na macho. Wiki ya pili alimpata mgonjwa mwenye ufa wa ubavu ambao Vuta-Pumzi hakuuona. Shemeji, ameketi mgongo kwa ubao, alimsikiliza akishuka kwa utaratibu, ngozi, mifupa, kiwambo, mapafu, moyo, na kila mwisho wa picha swali lilimjaa mdomoni. Maneno manne tu. Akiuliza mara mia moja, mia mbili, atakuwa huru. Atatazama ubao. Atapokea bahasha za mashangazi.

Hakuuliza. Aliuma ulimi, akatia sahihi. Kila siku, picha arobaini, aliuma ulimi mara arobaini.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa na tezi la shingo lililokua taratibu kwa miaka, na sasa lilikuwa linamkaba. Alilala ameketi. Siku ya upasuaji ilipangwa, lakini daktari wa nusu kaputi alisema hamlazi mtu usingizi mpaka ajue bomba la hewa limebanwa kiasi gani. Alitaka picha ya shingo na kifua, isomwe na kuandikwa. Msomaji alikuwa mmoja. Shemeji alijaribu kumpeleka hospitali nyingine. Foleni ilikuwa miezi minne, na Mama hakuwa na miezi minne.

"Tena kwa nini nikasomewe na wageni?" Mama alisema. "Nimemsomesha nani?"

Asubuhi ya siku hiyo aliingia chumba kile mwenyewe, khanga begani, kabla Vuta-Pumzi hajamzuia. Akaketi kando ya ubao. Shemeji alimsikia akipumua, ile pumzi yenye filimbi. Alikuwa hatua tatu kutoka kwake na hakuweza kugeuka, kwa kuwa picha ilikuwa imeshatundikwa.

"Mwanangu," Mama alisema, "mbona unanipa mgongo?"

"Ndivyo tunavyofanya kazi, Mama."

"Nisomee wewe."

"Atasoma Miwani. Nitasikiliza kila neno."

 Shemeji anasema kumjibu Mama hivyo kulimuuma kuliko yote yaliyotangulia.

Miwani akaanza. Jina sahihi. Tarehe sahihi. Mifupa ya mtu mzima, haijavunjika. Bomba la hewa limesukumwa kushoto, limebaki wembamba wa mrija wa soda, ila liko wazi mpaka chini. Kiwambo kizuri. Mapafu safi. Moyo wa kawaida.

Akanyamaza.

Shemeji alisubiri aseme amemaliza. Hakusema. Taa ya ubao ilikuwa inavuma. Shemeji alibana mikono mapajani. Usitazame hapo, alikuwa anaomba moyoni, usitazame hapo, dada yangu, nimekuacha salama, usitazame.

Kiti cha Miwani kilisogea mbele kidogo. Kikarudi.

"Basi, Daktari," alisema Miwani. "Nimemaliza."

Shemeji alitia sahihi bila kuona vizuri anaandika wapi.

Upasuaji ulichukua saa tatu. Sisi tulikaa kwenye benchi, mke wangu akitafuna kucha zake. Mama akatoka mzima. Siku ya tatu alikunywa uji. Siku ya saba aliletwa kwetu, sauti imekwaruza lakini filimbi imekwisha, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka alilala chali. Shemeji alipiga magoti kando ya kitanda akalia sana, na Mama, asiyejua hili wala lile, akampapasa kichwa akimwambia wewe mtoto una machozi ya karibu.

Jumatatu iliyofuata Shemeji aliwahi kazini. Alikuwa mwepesi. Alikuwa ameamua, alinieleza baadaye, kwamba atakaa na kitu hiki mpaka kaburini, hatampa mtu, na kwamba hilo linawezekana. Akausukuma ule mlango mzito.

Miwani alikuwa ameshafika. Taa ya ubao ilikuwa inawaka na picha ya mtu imetundikwa. Mtu gani, Shemeji hakuangalia. Miwani alikuwa ameketi kwenye kiti chake.

Alikuwa amekigeuza. Alikuwa anautazama mlango.

"Mbona umekaa hivyo?" Shemeji aliuliza.

"Macho yanauma tu, Daktari," Miwani alijibu, na hakuinua uso.

Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Hakuna aliyemuuliza swali. Shemeji aliketi kando yake, viti viwili migongo kwa ubao, na nyuma yao picha ya mtu ikingoja. Akalivuta daftari la Miwani, akafunua mpaka mstari wa Mama. Palikuwa na maelezo yote, kwa wino, kama yalivyosomwa. Chini yake palikuwa pamefutwa kwa raba. Kazi yenyewe ilimfundisha kutopuuza kilichofifia, basi aliinua ukurasa, akauinamisha kwenye mwanga wa mlangoni.

Maneno ya penseli yalikuwa yamekandamiza karatasi. Nyuma ya moyo: mikono miwili.

"Umeandika wewe hapa?"

Miwani alivua miwani, akafuta, akavaa. "Penseli sina, Daktari. Situmii."

Ukurasa ule nimeushika mimi mwenyewe, hapa hapa sebuleni, nimepitisha kidole juu ya maandishi yale. Mwandiko si wa Miwani, tumelinganisha. Si wa Mwalimu, si wa Vuta-Pumzi. Shemeji anasema kuna njia moja tu ya kujua kama ni kweli na maana yake nini, nayo ni kuitoa picha ya Mama kwenye bahasha na kuitazama. Hathubutu. Kama Miwani aliiona mikono ile, Mama angekuwa ameshakufa; na kama Shemeji bado anaona, atamuua mamaye kwa macho yake. Kila siku ya Mungu anapanda basi, anakwenda kazini, anakaa.

Mama anaishi nasi mwaka wa pili sasa. Ana afya, amenenepa, anatushinda kula. Juzi mke wangu alipokuwa anampaka mafuta mgongoni alimuuliza kama anapata usingizi. Akasema hajawahi kulala vizuri hivi tangu utoto wake. Akasema akijinyoosha tu kitandani, anahisi kama kuna mtu amembeba.